Mbombo Hainuki Mbio

Mbombo alizaliwa Kolwezi, mkoani Katanga, katika nyumba za mgodi kule Dilala, na kwa miaka mingi aliwashonea watoto wa mtaa sare za shule bila kuuliza kabila la mtu. Mwaka 1993 mtaa huohuo ukamwambia arudi kwao Kasai, walikotoka wazazi wake, ambako yeye hakuwahi kukanyaga. Huko ndiko "kwao"! Sasa alilala kwenye mkeka nje ya stesheni, mashine yake ya kushona ubavuni, pamoja na maelfu ya waliofukuzwa, wakingoja treni.

Tena alikuwa akianguka. Honi ya treni ikilia, watu huruka kuwahi nafasi. Naye huruka, macho yanaingia giza, chini! Watu wakanong'ona kwamba amelogwa. Omer, aliyechaguliwa na wenzake kusimamia behewa lao, alimhurumia, lakini safari zilizotangulia zilikuwa zimezika wagonjwa kando ya reli.

"Mama, mukianguka tena, mi siwezi kubapandisha."

Siku hiyo Odile akaja. Alikuwa muuguzi, Mkatanga kama wale waliowafukuza, jirani wa zamani. Alipita mchana kweupe na mashine yake ya presha huku vijana wa kabila lake wakimzomea. Akampima Mbombo amelala, akamsimamisha, akapima tena. Presha ilikuwa imeporomoka.

"Hakuna bulozi hapa, mama Mbombo. Mukisimama, damu inashuka mu miguu, kichwa inakosa. Munakunywa mayi?"

"Kidogo tu. Choo iko mbali. Ukienda, banakamata fasi yako."

"Na kidonge ya presha?"

"Kila asubuhi! Si we ulisema nisiache hata siku moja?"

Odile akacheka kwa uchungu. "Nilisema wakati mulikuwa munakula muzuri. Ile kidonge inatoa mayi mu mwili, na mwili yenu iko mukavu. Tuiache kwanza. Mukifika, bapime tena."

Akamwachia dumu la maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo ya kutia kwenye uji, akawaomba wa mkeka wa jirani wamlindie nafasi. Kisha akamfundisha kuinuka: keti kwanza, chezesha nyayo, kaza mapaja, ngoja kichwa kitulie, ndipo usimame.

Mbombo akanywa, akaenda chooni bila hofu, akajizoeza.

Treni ikaja asubuhi. Vijana wenye fimbo wakapita wakipiga kelele: "Bilulu, simameni! Mbio!" Wadudu, ndivyo walivyowaita watu. Watu wakaruka. Mbombo akaketi, akachezesha nyayo.

"We mama, uko kiziwi?" Kijana mmoja akamwinulia fimbo.

"Mi sikukuya hapa mbio, mutoto yangu. Nilizaliwa hapa. Na shati ulivalaka ku masomo, ni mi nilishona."

Wenzake wakamcheka yule kijana. Akaishusha fimbo bila kumpiga.

Mbombo akakaza mapaja, akangoja, akasimama. Dunia ikatulia mahali pake. Akatembea wima hadi behewani, na Omer akanyoosha mkono.

"Kuyeni, mama, nibavute."

"Mi nitapanda mwenyewe," akasema. "We pokea mashine yangu ya kushona."