Mstari Ulionyimwa Dawa

Siku za Emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, huko kwetu Embu, tulihesabiwa kila asubuhi langoni mwa kijiji kabla ya kuruhusiwa kwenda shambani. Nami nikifika huko nahesabu mikahawa yangu, kisha nairudia, maana buni zilikuwa zinaoza zikiwa bado kijani, na amri ilikwisha kutolewa: shamba lenye ugonjwa ling'olewe.

Ndipo bwana shamba akaja na mikebe miwili isiyo na jina, nambari tu. Unga ule haukuwa mrututu, ile dawa ya buluu tuliyoizoea. Wazungu wa maabara waliutengeneza wenyewe kwa kemikali, wakitafuta dawa itakayoua ukungu bila kuunguza majani. Amri ingesubiri majaribio yaishe.

Langoni askari alinusa mkebe, akauliza kama ni baruti.

"Ni dawa ya kahawa," nikamwambia.

"Kahawa nayo huugua?"

"Huugua, ila haiombi pasi ya kwenda hospitali."

Shambani bwana shamba akasema, "Mistari mingine tutaigawia mikebe hii miwili, ila mmoja usipigwe dawa, mama."

"Kwa kosa gani?"

"Bila huo tutajuaje dawa imefanya kazi?"

Nikampa mstari wa kule mtoni. Akautazama, akacheka. "Huu utakufa hata bila ugonjwa. Unaniuzia mbuzi mfu, mama."

Tulivutana mpaka tukakubaliana kupiga kura kwa vijiti. Kura ikaangukia mstari wangu bora. Nikaomba turudie, akasema vijiti havina rufaa.

Mvua ikaja. Siku moja mama mkwe wangu alikuta dawa imebaki kwenye bomba la kupulizia, akalibeba moja kwa moja hadi mstari ule. "Watoto wa nyumba moja, mmoja alale njaa?"

Nikamshika mkono. "Mama, huyu akishiba leo, kesho wote wanang'olewa."

Alininunia mpaka mavuno.

Dawa ya mkebe wa kwanza ilioshwa na mvua. Ya pili ilishika. Buni za mistari yake zilibaki safi, huku mstari wangu bora umekuwa mweusi kama masizi.

Afisa wa kilimo alipofika na vibarua wa majembe kuja kung'oa, bwana shamba alimsimamisha kati ya mstari wa dawa ya pili na ule ulionyimwa. Afisa akachuma buni huku, akachuma kule, akazipasua kwa ukucha. Mwishowe akasema mikahawa ibaki, na maabara ipelekewe habari.

Vibarua wakabaki wameegemea majembe. Nikawauliza kama wana haraka, maana buni zilikuwa zinaiva na mikono yangu ni miwili tu. Tukapatana ujira wa sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe. Walitaka na chai. Nikawaambia tuone kwanza wanavyochuma.