Nilibeba Kasha la Choo Hadi Mezani kwa Muuza Magari

Mimi, bibi wa wajukuu tisa, niliingia ofisini kwa muuza magari nimekumbatia kasha la choo kwa mikono miwili. Nikalitua juu ya meza yake, juu ya karatasi zake, karibu kabisa na kikombe chake cha chai.

Nikamwambia, "Fungua unuse."

Wateja wawili waliokuwa wamekaa pale wakainuka kama wameitwa. Mmoja alijifunika mdomo na pua kwa kofia yake.

Sikujali. Kinyaa kilikuwa kimenijaa tangu asubuhi.

Someni polepole. Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini nikisimulia jambo siruki hatua hata moja.

Safari hii nilikuwa na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Ameendesha basi la shule miaka ishirini na miwili. Hata leo akikaa kwenye usukani lazima ageuke nyuma kwanza aone kama kila mtu amekaa.

Mimi nilikuwa dobi wa hospitali miaka thelathini. Nipe shuka nimefunga macho, nitakwambia kwa pua tu: hii damu, hii dawa, hili jasho la homa, huu mkojo. Pua yangu nilikuwa naringa nayo kama watu wanavyoringa na watoto wao waliosoma.

Tulifiwa na waume zetu mwaka mmoja, mimi na wifi. Watoto wetu wametawanyika, huyu mji huu, yule mji ule. Tukakubaliana tununue gari la kulala ndani, tuwazungukie mmoja mmoja.

Maana kulala sebuleni kwa mkwe tulishachoka. Unaamshwa saa kumi na mbili ili watu wapite kwenda kazini, na ukioga unasikia mtu anasimama nje ya mlango anasikiliza maji.

Muuza magari alikuwa na mawili ya bei zetu.

La kwanza dogo, tukaliita Kibeti. Kitanda kimoja, jiko la plagi, kabati la nguo mbili tatu, basi.

La pili kubwa, tukaliita Mheshimiwa. Hilo ni nyumba iliyowekewa magurudumu. Kitanda mbele, chumba cha nyuma chenye kitanda chake, friji, bafu, na choo. Choo chenyewe uchafu unaingia kwenye kasha lililo chini, ambalo linavutwa kutoka nje kama droo.

Utaratibu wake ulikuwa mzuri: kila gari mnalijaribu siku mbili kabla ya kuamua. Sharti moja tu, choo kisitumike. Kifuniko cha choo alikuwa amekibandika utepe wa gundi wa njano, ule mpana.

Mimi nilitaka Kibeti. Wifi alitaka Mheshimiwa. Tulibishana palepale uwanjani, muuzaji amesimama katikati kama refa.

"Wifi, hiki kinatutosha. Tunalala, tunapika nje, choo tunaingia vituo vya mafuta kama watu wengine."

"Nataka lile kubwa."

"Sisi wazee wawili, si timu ya mpira."

"Lina mlango."

"Kwani hiki kimeshonwa?"

"Nasema mlango wa ndani, wifi."

"Ili ujifungie na nani? Umepata mchumba hukuniambia?"

Yule muuzaji akacheka. Wifi hakucheka, na wifi ni mtu wa kucheka.

Nikamwambia ukweli wangu. Choo hatua mbili kutoka jikoni, mimi siwezi. Nimeona uchafu wa watu miaka thelathini, siutaki nikiwa nakata kitunguu.

Akanikata jicho. "Basi, kama si lile kubwa, nenda peke yako."

Peke yangu niende na nini? Sijui hata gia ya kwanza iko wapi. Na hata ningejua, huyu ndiye mtu wa mwisho duniani aliyebaki kunifahamu nikiwa msichana. Bila yeye hakuna safari, kuna kuzunguka tu.

Tukaanza na Kibeti.

Siku mbili zile zilinichosha. Wifi alisimama kila kituo cha mafuta, hata tulipokuta kimoja dakika kumi tu baada ya kingine. Kulala akakataa kitanda, akalala amekaa kwenye kiti cha dereva.

"Unakoroma," akasema.

"Nimeanza lini?"

"Tangu uolewe na kaka yangu. Yeye alikustahi tu."

Kwenye kile kiti kulikuwa na kaharufu. Nikasema ni kapeti, magari ya kupita mikononi hayakosi.

Tukarudisha Kibeti, tukachukua Mheshimiwa. Wifi akashika chumba cha nyuma, akafunga mlango, akazungusha na komeo. Mimi nikalala mbele.

Asubuhi ya kwanza, harufu. Nikafungua madirisha.

Asubuhi ya pili, wajukuu zangu, nilikuwa nimeshika kipande cha mkate nikakirudisha kwenye sahani. Jua lilikuwa linapiga bati, na ule moto wa ndani ulikuwa umeiamsha harufu yote. Nzito, kali, inakaa kwenye ulimi. Nzi wawili walikuwa wanazunguka wanapiga vioo. Nilihisi hata maji ya kunywa yanayo.

"Huu ni mkojo," nikasema. "Tena wa siku. Umechacha."

Wifi alikuwa anakunja blanketi. "Achana nao. Ni gari la mitumba."

"Niachane nao vipi? Kuna watu wamejaza lile kasha, huyu bwana akaona uvivu kumwaga, akapiga gundi juu. Mtu hazibi kitu kisafi!"

"Wifi, usiende kugombana na watu. Nakuomba."

Nakuomba. Miaka arobaini na tatu sijawahi kusikia neno hilo kinywani mwake. Mimi nikaona ameshalipenda gari, anaogopa nitaharibu biashara.

Tulipofika uwanjani tu, nikateremka, nikafungua kile kimlango cha ubavuni, nikavuta kasha mwenyewe. Ndivyo nilivyofika mezani pale.

Muuzaji alinitazama. Hakupandisha sauti. Akasogeza chai yake, akafungua vibano viwili, akainua kifuniko.

Kasha lilikuwa jeupe kama sahani ya harusi. Kavu. Ndani mlikuwa na kijitabu cha maelezo kwenye mfuko wake wa nailoni, haujachanwa.

"Bibi," akasema, "hili nililiweka jipya wiki mbili zilizopita. Halijaona tone."

Nikainamisha pua yangu maarufu. Plastiki mpya, basi.

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, "Basi gari linanuka kwingine. Njoo ujionee."

Akaja, na fundi wake. Wakainua kapeti. Wakafungua friji. Fundi akalala chini akapiga tochi chini ya jiko. Mimi nyuma yao nawaelekeza: si hapo, nendeni nyuma, inazidi nyuma.

Wifi alikuwa amesimama kwenye kile chumba cha nyuma, mgongo kwenye kitanda.

"Mama, naomba nipite," fundi akamwambia.

Hakusogea.

"Wifi, mpishe mtu afanye kazi," nikasema. Kwa mdomo wangu huu.

Akanitazama mimi, si fundi. Kisha akasogea.

Fundi akainua godoro. Chini yake lilikuwa na doa, bado bichi. Akainua ubao. Kwenye uwazi wa kuwekea mizigo kulikuwa na mifuko miwili ya bluu, imefungwa mafundo matatu matatu. Fundi akarudi nyuma, mkono puani.

Mimi ndiye niliyefungua mafundo. Hakuna aliyeniambia.

Vipande vya taulo. Vimekatwa sawasawa, vimepindwa pembeni kwa sindano ya mkono, vimekunjwa mara nne, vimelowa, vimepangana. Mvuke wake ulinipiga usoni.

Nikapiga kelele, "Mchafu gani huyu aliyeacha hivi?"

"Ni zangu."

Tukageuka sote. 

Wifi alikuwa amesimama wima, kidevu juu. Akasema tena, taratibu, kama anataja kituo, "Hizo ni zangu. Gari lenu ni safi. Godoro nitalilipa."

Akampa muuzaji ufunguo. Akachukua mifuko yake mikononi mwangu, akafunga upya, fundo la kwanza, la pili, la tatu, akateremka.

Muuzaji akawa anatazama kioo. Fundi akajifanya anakaza skrubu ambayo haikulegea.

Nilimkuta kwenye benchi nje ya geti, mifuko kaiweka chini ya miguu.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Miaka miwili. Unatoka wenyewe. Nikicheka unatoka, nikilala unatoka."

"Na hukuniambia? Mimi? Dobi?"

"Wewe ndiye nisingekuambia kabisa." Alikuwa anatazama barabara. "Miaka thelathini nakusikia mezani unasimulia mashuka ya watu. Yule mzee wa wodi ya tatu. Yule mama uliyempa jina la Bomba. Unaigiza hadi pua ulivyoziba, sisi tunashika mbavu. Mimi pia nilicheka. Ilipoanza kunitoka, wa kwanza kumfikiria alikuwa wewe, nikajiuliza, mimi atanipa jina gani?"

 Yule mama wa Bomba alikuwa na watoto wanne, nilikuwa nawaona wanakuja na uji. Jina lake halisi sikuwahi kulijua.

"Nilitaka gari lenye mlango mmoja wa kufunga," akasema. "Basi. Nibadilishe, nisuuze, nitoke, niendeshe, tuwaone watoto. Si ufahari."

Gari la abiria likaja. Akapanda. Aliponiona nanyanyua mguu nimfuate, akatikisa kichwa.

Siku kumi hakupokea simu.

Kinyaa kile kilikuwa bado kipo, msidhani kiliisha. Kilihama tu. Nikiwa naosha vyombo nauona uso wangu kwenye sufuria, kinyaa kimo. Nikikumbuka ile sauti, mchafu gani huyu, natamani kutema.

Siku ya kumi na moja nikaenda kwake. Nilikuwa na beseni, sabuni ya mche, siki chupa moja, kifuniko cha godoro kisichopitisha maji, na vipande ishirini na vinne vya pamba nilivyovipinda kwa cherehani.

Alifungua mlango kidogo, jicho moja.

"Umekuja kunusa?"

"Nimekuja kufua."

Akalitazama beseni. Kisha akaufungua mlango wote.

Tukafua uani, sisi wawili, hadi kamba ikajaa. Nikamfundisha loweko la siki, lile tulilotumia hospitali. Hakuna aliyeigiza lolote. Wiki iliyofuata nikamsindikiza kliniki. Muuguzi, binti mdogo tu, akamwambia wanawake wengi wa umri wetu wana hali hiyo, kuna mazoezi, kuna dawa, hakupaswa kukaa nayo miaka miwili. Wifi akatoka pale ananilaumu mimi, na alikuwa na haki.

Gari tulinunua. Mheshimiwa. Nilikwenda mwenyewe kumwomba yule bwana radhi mbele ya wateja wengine, maana nilimchafulia jina mbele ya wateja. Akasema, "Bibi, ukirudi tena, tafadhali rudi mikono mitupu."

Nimeandika haya wifi akiwa ameniruhusu. Alitaka niandike hivi mwishoni, nami naandika kama alivyosema: ukisikia harufu kwa mtu wako wa karibu, usitafute wa kumshitaki. Funga mlango, mkiwa wawili, umuulize kwa sauti ya chini.

Na langu mimi naliongeza. Ukicheka uchafu wa watu mezani, jua kuna mtu kwenye meza hiyohiyo anakusikiliza, na tangu siku hiyo anaanza kukuficha yake.