Kofi la Mama Luan

Kazi ya kwanza aliyoijua Luan ilikuwa kuchuma majani ya miforosadi ya kulisha viwavi wa hariri, huko kando ya mto Wei alikozaliwa. Viwavi ndio waliomfundisha kusikiliza. Wakila vizuri, chumba kizima husikika kama kuna mvua ya rasharasha. Mvua hiyo ikikatika ghafla, ujue pana maradhi.

Akaolewa. Mumewe akachukuliwa kwenda kujenga ukuta wa mpakani, asirudi. Kisha, kabla binti yake hajaota jino, wakaja watu wa ikulu kutafuta mama mwenye maziwa. Wakamtazama meno kama atazamwavyo punda, wakamwambia twende. Binti akabaki kwa bibi yake akinyweshwa maji ya mawele, na majira ya baridi yalipokwisha, Luan akaletewa habari kwamba hayupo tena.

Mtoto aliyepewa amnyonyeshe alikuwa mjukuu wa mfalme, lakini mjukuu wa ua wa nyuma, yatima wa mama, asiyejaliwa na mtu. Luan akampa jina la utotoni: Kijibwa. Jina baya, kwa makusudi, maana mapepo hupenda watoto wenye majina mazuri, lakini hawana haja na mbwa.

Kijibwa alipofika miaka saba, mfalme mzee akafa. Jemadari Ge, aliyekuwa na askari wote mkononi, akatafuta mtu wa kumkalisha kitini ambaye hangembishia. Mtoto akavikwa joho lililomzidi mikono, akafundishwa neno moja kuliko mengine yote. Watu wote husema "mimi". Mfalme hasemi hivyo. Mfalme ana "mimi" yake peke yake, nayo ni zhen. Kila Kijibwa aliposema "mimi", towashi mzee aitwaye Pu alimfinya chini ya mkono wa joho. Luan alipokuwa akimwogesha aliyaona mabaka meusi. Mtoto akajifunza. Akawa anasema zhen ana njaa, zhen anataka kukojoa.

Kitini alikaa tangu theluji hadi forosadi zilipoiva. Ge akachoka kutawala akiwa nyuma ya pazia. Mtoto akapewa karatasi asome mbele ya wakuu, kwamba anamwachia Jemadari kiti kwa hiari yake. Akasoma bila kukosea. Mchana ule ule akahamishiwa kwenye nyumba yenye ukuta mrefu pembeni mwa mji, pamoja na Luan, Pu na walinzi mlangoni.

"Sasa litoe lile neno," Pu alimnong'oneza Luan. "Akilisema tena, ni kama anadai kiti. Yule binamu wa mfalme mzee, waliyemwondoa kitini zamani, alilisema mara moja tu, mbele ya mgeni. Kesho yake akaletewa mvinyo wa zawadi, tukaambiwa amekufa kwa tumbo."

"Wewe ndiye uliyemtia neno hilo, baba. Litoe wewe."

"Mimi najua kutia tu, Bibi Luan."

Basi Luan akaanza. Asubuhi alishika bakuli la uji na kuuliza, "Nani anataka uji?"

"Zhen anataka."

Bakuli likarudi jikoni. Mchana vivyo hivyo. Mtoto akamkazia macho makavu.

"Pu alikuwa akinifinya nikisema mimi. Wewe unaninyima uji nikisema zhen. Mnataka niwe nani?"

Alichosikia Luan ni kwamba "mimi" ilikuwa imerudi, na kwamba zhen alikuwa bado yumo. Mtoto akiwa ametulia alisema vizuri. Akifurahi au akikasirika, neno lilichomoka lenyewe. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi wa mtoto haujui kutazama njia.

Siku chache baadaye akaja ofisa wa mfalme mpya, jina lake Xing, mtu wa kutabasamu. Nyuma yake askari alibeba mtungi mdogo wa mvinyo uliofungwa kwa kitambaa chekundu. Pu alipouona mtungi, akaketi chini bila kuambiwa.

"Zawadi," alisema Xing. "Lakini tuzungumze kwanza."

Luan akamsogezea mtoto bakuli la forosadi. Kula, mwanangu, kula. Kinywa kilichojaa hakisemi mengi.

"Unalala vizuri, bwana mdogo?"

"Ndiyo."

"Chakula je?"

"Nakula."

"Vizuri." Xing akavuta kiti karibu. "Nimesahau kitu, nisaidie. Mwaka huu, siku mfalme anapolima mtaro wa kwanza kufungua msimu, nani aliyeshika plau ya mfalme? Watu wanasema mtaro ule ulinyooka kama uzi."

Luan aliuona uso wa mtoto ukiwaka. Katika utawala wake wote, kazi ya mikono yake mwenyewe ilikuwa ile plau tu. Kinywa kikafunguka, ulimi ukapanda juu nyuma ya meno.

"Zh—"

Kofi likatua. Forosadi zikaruka, zikachora zambarau joho la Xing.

"Kijibwa mchafu," alisema Luan. "Nimekukanya mara ngapi kuongea ukiwa na chakula kinywani? Unamtemea mgeni."

Tabasamu la Xing likatoweka. "Mwanamke, unajua adhabu ya kumpiga Mwana wa Mbingu?"

"Naijua, bwana. Ni kukatwa kichwa." Sauti yake ilikuwa ile ile ya jikoni. "Mwana wa Mbingu ni mfalme, naye yuko ikulu. Mimi nimempiga mtoto asiyejua kula. Kama yupo anayesema huyu ni mfalme, si mimi."

Luan alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza viwavi. Xing hakuweza kumwadhibu bila kusema kwamba pana mfalme mwingine ndani ya nyumba ile, na askari wake alikuwa anasikia.

Mwishowe akamgeukia mtoto. "Nani aliyeshika plau?"

Mtoto alijifuta shavu. "Mimi," alisema. "Kijibwa."

Xing akasimama akikung'uta joho. Mtungi ukaondoka naye.

Luan alinawa, lakini zambarau haikutoka viganjani. Mtoto alikaa pembeni, hataki kusogea karibu naye, mpaka uji ulipoiva.

"Mama Luan, ulinipiga kweli au ulikuwa unaigiza?"

"Kweli. Ningeigiza, yule angejua."

Mtoto akasukuma bakuli lake mbele. "Nataka uji."

Luan akampakulia, akakaa akimsikiliza anavyokula.