Runinga Tatu na Kengele ya Abiria

Mzee Taratibu aliendesha basi la masafa marefu tangu nywele zake zikiwa nyeusi hadi zikawa kama zimenyunyiziwa unga. Jina hilo alipewa na makondakta, tena si kwa kumsifu. Wenzake walifukuzana barabarani kama kuku wanaogombea punje, lakini yeye alikwenda mwendo wake. Abiria wenye haraka walimsuta wazi: "Dereva, hilo basi unaliendesha au unalisukuma?" Naye aliwajibu bila kugeuza shingo, "Mwenye haraka angeondoka jana."

Alipostaafu, kampuni ilikuwa inawauzia mabasi yake ya zamani wanunuzi wa vyuma chakavu, na basi lake lilikuwa mojawapo. Hakulala usingizi mzuri mpaka alipolileta nyumbani na kuliegesha ubavuni mwa nyumba, likaziba dirisha la jikoni. Asubuhi yake mkewe alifungua dirisha akakutana ana kwa ana na maandishi makubwa ya mgongoni mwa basi: TUTAONANA.

"Miaka yote limekuwa likiniacha na neno hilo," alisema. "Sasa limenifuata jikoni."

Nia ya mzee ilikuwa njema. Alitaka kuligeuza basi kuwa nyumba yenye magurudumu, amzungushe mkewe katika barabara zote alizokuwa akimsimulia vipande vipande, wawatembelee watoto wao mmoja mmoja huko walikoolewa na walikooa. Viti vilipong'olewa, seremala jirani alitengeneza kitanda nyuma kabisa, makabati katikati, na sofa fupi nyuma ya kiti cha dereva. Pakawekwa jiko la gesi na tangi la maji. Mkewe aliyatazama yote hayo akiwa amesimama chini, mikono kiunoni.

"Nitapanda nikiona ni nyumba," alisema. "Kama ni basi, baba watoto, wewe nenda tu. Kukupungia mkono nimezoea."

Maneno hayo yalimkaa mzee rohoni. Aliwaza, akawazua, akaona dawa ni runinga. Tena si moja! Ya mbele ingekuwa yake, ya mpira. Ya nyuma, juu ya miguu ya kitanda, ingekuwa ya mkewe, maana tamthilia yake ya jioni hakuikosa hata akiwa na homa. Ya tatu ingekaa karibu na mlango, iangalie nje chini ya turubai la kukingia jua, kwa ajili ya wageni. Kila mtu na raha yake; nani angesema hiyo si nyumba?

Akafunga dishi juu ya paa, akaweka king'amuzi kwenye kabati la mbele, akasambaza nyaya kwa mikono yake. Safari ilipangwa iwe kesho yake. Runinga ya mbele ilitoa picha safi kama kioo. Nyingine mbili zilitoa chenga tupu. Na mkoba wa mkewe ulikuwa bado juu ya kabati la nguo, mtupu, umelala chali.

Ndipo alipoitwa fundi wa madishi, mwanamke kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Binti Ngazi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila ngazi begani. Alipanda juu ya paa, akachungulia, akashuka polepole.

"Mzee, nani alikufungia hizi waya?"

"Kwani kuna tatizo?"

"Hapana, nataka tu nimpe pole."

"Basi nipe mimi."

Binti Ngazi alicheka mpaka akashika ngazi. Kisha akamwonyesha kikasha kidogo ambacho mzee mwenyewe alikifunga pale juu, chenye mdomo mmoja wa kuingiza na mitatu ya kutoa, ambacho mafundi hukiita spilita. "Mawimbi yakitoka kwenye dishi, runinga haiyaelewi. Lazima yapite kwanza kwenye king'amuzi, ndipo uyagawe. Wewe umeyagawa juu kwa juu. Ni kama umeshusha abiria njiani kabla hawajaonana na kondakta."

"Bila tiketi?"

"Bila tiketi, mzee."

Hapo alielewa mara moja.

Kazi ikaanza upya. Spilita ilihamishwa ikakaa baada ya king'amuzi, ila seremala alikuwa amekwisha kuzipigilia mbao za dari, na waya wa kwenda nyuma haukuwa na njia. Mzee akakumbuka bomba jembamba lililopitisha waya wa kengele, ile ambayo abiria huibonyeza akitaka kushuka. Vitufe vingine vyote viling'olewa pamoja na viti. Kimoja tu, chekundu, kilibaki nyuma kabisa, sasa kikiwa juu ya mto wa kitanda. Seremala alipotaka kukiondoa, mzee alimwambia, "Hicho kiache," na hakueleza kwa nini. Walipitisha kamba katika bomba lile, wakafunga waya mpya, huyu anasukuma, yule anavuta, mpaka ukatokeza upande wa pili umejaa vumbi la miaka.

Runinga zote tatu ziliwaka. Mzee akamwita mkewe kwa sauti ya bwana harusi.

Mkewe alikuja akijifuta mikono kwenye kanga, akapanda, akaketi kitandani. Tamthilia ilikuwa imeanza. Mzee akaenda mbele, akashika rimoti, akaweka mpira wake.

"Baba watoto!" sauti ilitoka nyuma. "Hawa wanaume wenye kaptura wameingia chumbani kwangu!"

Akarudisha tamthilia, mpira ukatoweka. Akaweka mpira, tamthilia ikatoweka. Hata ile ya mlangoni ilifuata vilevile.

"Imeharibika," alisema, uso umemshuka.

"Haijaharibika," alijibu Binti Ngazi. "King'amuzi kimoja kina ulimi mmoja. Kikisema mpira, kote ni mpira. Ukitaka kila runinga iseme lake, uwe na ving'amuzi vitatu, kichwa cha dishi nacho kibadilishwe, na betri ya basi itazimia kabla hamjajua nani kaoa nani. Tena hayo si ya kukamilika leo."

Mke akasema, si kwa ukali, "Kwa hiyo mpango ulikuwa wewe mbele na mpira wako, mimi nyuma na tamthilia yangu?"

"Ili kila mtu awe na raha yake, mama watoto."

"Lakini ndivyo tulivyoishi. Wewe mbele, mimi nyuma. Kwa hilo sikuhitaji kuletewa basi."

Binti Ngazi alianza kukunja waya ambao ulikuwa umekwisha kukunjwa. Zamani, basi lilipopita mbele ya nyumba yao, mzee alikuwa akipiga honi mara mbili, na mkewe akatoka mlangoni na unga mikononi, akapunga, basi likapotea. Watoto walikua katikati ya honi moja na nyingine.

Mkewe aliinua macho, akakiona kitufe chekundu juu ya mto. "Hiki bado kinalia?"

"Bonyeza."

Kengele ililia kule mbele, kriii! Mguu wa mzee, ingawa alikuwa amesimama wima katikati ya basi, ulikanyaga sakafu ukitafuta breki. Binti Ngazi aliangua kicheko. Mke naye akacheka, kwanza kwa kujizuia, halafu kwa mabega yote.

"Nenda huko mbele," aliamuru. "Kengele ikilia, badilisha."

Kriii! Watu wenye kaptura wakaondoka. Kriii! Mhubiri akaondoka. Kriii! Taarifa ya hali ya hewa ikaondoka. Mwishowe yakatokea mashindano ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuyaona: wanaume wazima wakijaribu kumvusha mbuzi kwenye daraja la kamba, na mbuzi hataki. Walimbembeleza, wakamsukuma, wakamwimbia. Kengele haikulia tena. Mbuzi alipowakalia kitako katikati ya daraja, kicheko cha mbele na kicheko cha nyuma vilikutana kwenye makabati.

"Kuna kifaa kidogo cha kumwezesha mama kubadilisha kwa rimoti akiwa huko kitandani," alisema Binti Ngazi akibeba ngazi yake. "Niwaletee?"

"Usituletee, mwanangu," alijibu mke. "Mimi nina dereva."

Kisha akashuka, akaingia ndani ya nyumba, na mzee akabaki na mbuzi wake. Hakujua kama ameshinda au ameshindwa. Alipozima king'amuzi na kwenda chumbani, alitazama juu ya kabati la nguo. Mkoba haukuwepo.

Asubuhi basi liliondoka ubavuni mwa nyumba, na dirisha la jikoni likapata jua. Mkewe alikuwa nyuma akipanga nguo. Walipokuwa wakipita mbele ya mlango, mkono wa mzee ulipiga honi mara mbili, wenyewe, kama ulivyozoea. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Kriii! Kriii!

Mzee akakanyaga breki. "Nani anashuka?"

"Nani ashuke?" mkewe alipaza sauti. "Umepiga honi, nimekuitikia. Endesha, lakini usikimbize, nakuja kukaa huko mbele."