Jina la Thelathini na Moja

Karani wa usajili wa klabu hiyo alikuwa mama wa miaka hamsini na mitatu, na kila mtu pale, kuanzia mwenyekiti hadi mfagizi, alimwita Mama Fomu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kazi aliijua. Kwa miaka kumi na tisa hakuna mchezaji aliyeingia wala kutoka bila karatasi zake kupita chini ya miwani yake. Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo chini ya jukwaa, chenye kabati mbili za chuma, kompyuta inayonguruma na feni iliyofungwa kwa waya. Siku za mechi, mashabiki waliporuka huko juu, vumbi la dari lilimdondokea kwenye chai.

Msimu ule klabu ilipata mwenyekiti mwenye pesa, naye alinunua wachezaji kama mtu aliyeingia sokoni na njaa. Washambuliaji watatu kwa mkupuo, kiungo mmoja ambaye kocha hakumwomba, halafu, siku ya mwisho ya dirisha la usajili, mshambuliaji wa nne, kwa kitita ambacho magazeti yote yalikiweka ukurasa wa kwanza. Katika shamrashamra hizo hakuna aliyekumbuka kuhesabu vichwa. Sheria iliruhusu majina thelathini, na huyo alikuwa wa thelathini na moja.

Saa tisa alasiri, ikiwa imebaki saa moja dirisha lifungwe, Mama Fomu alimpigia simu katibu mkuu, aliyekuwa uwanja wa ndege na shada la maua mkononi.

"Mkubwa, mfumo unamkataa mgeni wetu. Tumejaa. Nani atoke?"

"Mama, hapa kelele tupu. Toa yeyote ambaye hana kazi. Si unawajua wote?"

"Lakini kocha..."

"Kocha anapigwa picha na waandishi. Chagua wewe, mama. Nakuamini." Simu ikakatika.

Wa kutoka hakuhitaji kutafutwa. Alikuwa winga waliyemwita Radi, aliyevunjika mguu, na daktari alishasema hatagusa mpira hadi msimu uishe. Mama Fomu akapeleka mshale wa kompyuta juu ya jina lake, kisha akasita. Radi alikuwa na mdomo. Mwaka uliopita, kwa sababu ya barua moja tu iliyochelewa, aliingia mle na shemeji yake, kiongozi wa mashabiki, wakamporomoshea matusi na kumwaga mafaili yote sakafuni. Aliyaokota peke yake. Hakutaka yamkute tena.

Akateremsha mshale mistari miwili. Pale palikuwa na jina la kipa wa tatu, waliyemwita Mtulivu: miaka mitatu benchi, hajacheza hata dakika moja, hajanung'unika hata siku moja. Kila akipita mlangoni humwamkia Mama Fomu, humwuliza habari za nyumbani, na husubiri jibu. Huyu ataelewa, mama akajiambia, akabonyeza. Alijidanganya mchana kweupe. Hakufikiri kwamba ataelewa. Alifikiri kwamba atanyamaza, na hayo ni mambo mawili.

Nyumbani mumewe, shabiki wa kufa na kuzikana, alimpokea kwa vigelegele.

"Mke wangu, mmetisha! Mwaka huu kombe linakuja lenyewe kwa miguu. Mbona huli? Au na wewe umeuzwa?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mume alicheka mpaka akapaliwa, na mke akakisukuma chakula pembeni.

Kesho yake orodha ilibandikwa ubaoni. Mtulivu akaja ofisini, glovu kwapani.

"Shikamoo, mama. Jina langu silioni."

"Marahaba, baba. Ni... maamuzi ya wakubwa."

"Nilijua. Ingekuwa wewe, ungeniambia mapema." Akakuna kichwa. "Tatizo ni kwamba kocha aliniahidi mechi ya Jumamosi. Mkataba wangu unaisha msimu huu, nilitaka nionekane hata mara moja, labda timu ndogo ingenichukua. Na mama yangu ameshakata tiketi ya basi."

Mama Fomu akajifanya anatafuta kalamu. Dirisha likishafungwa jina halirudi, hata mwenyekiti akilia machozi ya damu. Wiki nzima alipita njia ya nyuma ili asiamkiwe. Nafsi ilimsuta akifua, ikamsuta akipika, ikamsuta akiwa kitandani.

Jumamosi, kabla ya mechi, mlango ukagongwa. Mtulivu alikuwa amevaa shati la kawaida, pembeni yake mwanamke mwembamba mwenye mkoba wa safari.

"Mama, nimekuletea mama yangu akusalimie."

Mwanamke yule akamshika Mama Fomu mkono kwa mikono yote miwili. "Ahsante, dada. Mwanangu ananiambia huku mama yake ni wewe. Wakubwa wamemkata, lakini wewe umemtunza."

Hapo Mama Fomu akashindwa. Angeweza kuvumilia kutukanwa, kushukuriwa hakuweza.

"Ni mimi," akasema. "Hakuna mkubwa aliyemkata. Waliniambia nichague, nikamtoa yeye."

Huko juu mashabiki walianza kupiga ngoma. Sauti ya Mtulivu ilikuwa ileile ya siku zote.

"Kwa nini mimi, mama? Radi anatembelea magongo."

"Kwa sababu nilijua hutanifokea."

Akamsubiri afoke. Alimwomba Mungu kimoyomoyo kijana apige meza, amwage mafaili, amtukane. Mtulivu akainamisha kichwa. Aliyesema ni mama yake, huku akiuachia mkono ule taratibu.

"Mimi ndiye niliyemlea hivyo," akasema. "Nilimkataza kuwapandishia watu wazima sauti. Nilidhani namsaidia."

Akauweka mkoba begani, akamwambia mwanawe waende wakatafute mahali pa kukaa jukwaani.