Mtunza Bustani Aliyezikwa Migombani

Jumatano ya kwanza ya mwezi Mei, mwaka jana, kaka yangu alifariki kwa presha, na sauti yake ikaenda naye. Tulimzika nyumbani, migombani, karibu na baba. Nasema sauti kwa sababu ndiyo iliyomlisha. Miaka mingi alitafsiri filamu kwenye banda la video mjini, mtaa wa Levolosi, amekaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti mkononi, wazungu wakiongea na yeye akiongea juu yao. Hakurekodi hata moja. Kwenye simu yake nilikuta sekunde chache tu, akikohoa na kuuliza kama umeme umerudi.

Filamu aliyoipenda mama ilikuwa ya kutisha, ya zamani, isiyo na damu nyingi. Mwanamke anaishi na mumewe kwenye jumba kubwa, anasikia mtoto akilia ndani ya ukuta. Hujui kama mtoto yupo kweli au ni akili yake. Mtu mweusi mle ni mmoja tu, mtunza bustani. Anaitikia "ndiyo", anabeba taa, anashuka chini kuangalia kuna nini, anakufa. Filamu inaendelea kama vile kilichovunjika ni kikombe.

Kwa kaka haikuwa hivyo. Alimpa mtunza bustani jina la babu yetu, akamfanya Mmeru, na kila alipotokea alimsemesha Kimeru kidogo kabla ya kurudi kwenye Kiswahili. Banda zima lilimsubiri. Akishika tu ile taa, watu wanaanza kumkataza: mjomba usishuke, mwache bosi wako ashuke mwenyewe.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini Kiingereza cha kuitikia "ndiyo" nilikijua. Siku moja nikamwambia kaka kwamba anadanganya watu, yule mtu hasemi hayo yote. Hakukasirika.

"Wazungu wote mle wana majina," alisema. "Huyu mmoja wa kwetu, sijasikia hata mara moja wakimwita."

Kila Jumamosi mama alishuka sokoni na ndizi, na akimaliza kuuza alipita bandani kumwona mwanawe kazini. Alipoiona filamu ile mara ya kwanza, alimsubiri kaka amalize kazi. Tukiwa nje akamuuliza kaka, "Yule kijana wa watu amezikwa wapi?"

Alidhani kweli ni wa kwetu. Mimi nilicheka. Kaka alimjibu kwamba ataulizia.

Siku walipoirudia, mtunza bustani alipokufa na yule mwanamke akawa anatembea peke yake kwenye korido bila kusema neno, kaka alisogeza kipaza sauti. Akasema polepole kwamba nyumbani wamepata habari, wamemrudisha, wamemzika migombani karibu na baba yake. Mama akatikisa kichwa kukubali. Tangu hapo kaka hakuyaacha maneno yale, hata siku ambazo mama hakuwepo, mpaka watu walipohamia kwenye simu na banda likafungwa.

Baada ya msiba mama hakulia mbele yetu wala hakumtaja kaka. Miezi miwili ikapita, akaniomba nimtafutie ile filamu. Niliogopa, maana nilijua sauti anayoitaka haimo. Lakini niliipata mtandaoni, nikapanda nayo nyumbani, nikaiegemeza simu kwenye chupa ya chai.

Wazungu wakaongea Kiingereza chao. Mama alinitazama mara mbili. Niliona aibu kumtafsiria, kwa kuwa maneno ya kaka ni mimi niliyeyaita uongo.

Mtunza bustani akashuka na taa yake, akaanguka. Mwanamke akaanza kutembea kwenye korido. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko nilivyokikumbuka. Mama akainama, akasogeza sikio kwenye simu.

Ndipo nikasema. Nikasema nyumbani wamepata habari, wamemrudisha, wamemzika migombani karibu na baba yake.

"Karibu na baba yake," mama akarudia, na akalia.

Alilia mpaka akamaliza. Kisha akajifuta kwa kanga, akaniambia nizime simu, ng'ombe hajala. Tukatoka kumkatia majani.