Nyaya Tatu Nyekundu

Nilirudi Bariadi baada ya miaka ya kuhamahama, nikataka kumfaa mama kwa jambo moja tu: kubadilisha swichi ya sebuleni. Nyaya zilikuwa tatu, zote nyekundu, nami nilizichomoa bila kuziwekea alama. Nilipomaliza, taa ya chumbani kwake haikuwaka mpaka ya sebuleni iwashwe kwanza. Nikazima meni swichi, nikazibadilisha nyaya nafasi. Sasa ya sebuleni ikakataa kuzimika.

“Mayu, nipe dakika tano,” nilimwambia mama.

“Baba, tangu mchana unanipa dakika tano,” alinicheka. “Weka bisibisi, ule. Nitaita fundi ukishaondoka.”

Sikuwa nimesema naondoka. Nilizitazama tena zile nyaya, bisibisi bado mkononi.